MIMEA YETU: Mwiba wa kwenye kichuguu

Mwezi huu tuongelee ule mmea wa kutambaa unaokamata nguo zetu tukienda kuni. Miiba yake ni miwili miwili, imepinda kama ndoana. Wataalamu wanauita Capparis tomentosa. Ni mmea wa asili, unapenda vichaka vya juu ya vichuguu.

Jamani, wengi tunafyeka na kuchoma vyote. Tungoje kidogo. Ndege wadogo wanajenga humo, maana mwewe anapata shida kuingia. Vipepeo weupe wanataga kwenye majani yake, na viwavi wao wanayala. Jirani yetu, katika Hifadhi ya Ziwa Mburo iliyoanzishwa 1983, pongo wanajificha kwenye vichaka vya namna hiyo. Na ndege wanaolala humo ndio wanakula wadudu wa maharage yetu.

Lakini wazazi, waambieni watoto: tunda la ndege si la mtu! Mmea huu una sumu, hata mbuzi na ng'ombe wanaugua wakiula. Mizizi yake msiichemshe kuwa dawa ya kikohozi. Mpelekeni mtoto kituo cha afya.

Basi, ukilima, safisha njia na kando ya nyumba. Kichuguu kimoja kiache na miiba yake. Tuonane mwezi ujao.