Ondoa hiyo "kama"

Kijana mwenzangu, kusema "kama nimekukosea, nisamehe" si kuomba msamaha. Hapo hujakiri kitu. Umemwachia uliyemuumiza kazi ya kuthibitisha kosa lako.

Cheki wafalme wawili wa Biblia. Sauli alipoulizwa na Samweli kuhusu kosa lake, aliwasukumia watu wake lawama. Daudi, nabii Nathani alipomkabili, alikubali papo hapo kwamba ametenda dhambi. Hakutafuta kisingizio.

Na usikimbilie kwa Mungu ukimruka uliyemkosea. Mathayo 5 inafundisha uache sadaka madhabahuni, ukapatane na ndugu yako kwanza. Basi kabla ya ibada ya Jumapili, mpigie beshte yako, utaje kosa lenyewe. Ulikula pesa zake? Zirudishe kwa M-Pesa. Asiposamehe leo, usimtishe kwa mistari ya Biblia. Kidonda ni chake, mpe muda.