Kemia ya mwanao iko kwenye mfereji wa Kalerwe

MFANYABIASHARA anayeshusha nyanya au kabeji Kalerwe alfajiri hahitaji kuambiwa kuwa amefika. Pua humwambia. Mfereji wa Nsooba unaokatiza hapo hubeba maji meusi, na mvua ikizidi hufurika hadi kwenye vibanda, kabla ya maji kuteremka kuelekea Bwaise na kinamasi cha Lubigi.

Wengi wetu huona hapo uchafu tu. Lakini mwalimu wa kemia anayejua kazi yake angeona maabara isiyolipiwa hata shilingi.

Jambo hili linawahusu hasa ndugu zetu wa Busia, Malaba na Mutukula, pamoja na wale waliorejea nyumbani baada ya miaka mingi ughaibuni. Watoto wao huingia sekondari za Uganda wakitoka katika mitaala mingine. Aliyesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania alifundishwa sayansi kwa Kiswahili, na sasa anakutana nayo kwa Kiingereza.

Wala kemia haikwepeki. Serikali ililifanya somo hilo kuwa la lazima katikati ya miaka ya 2000, na mtaala mpya ulioanza kidato cha kwanza mwaka 2020 umelibakiza hivyo hadi kidato cha nne.

Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini mtoto mwenye akili nzuri hulikariri somo hili bila kulielewa?

Mwaka 1991 Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow alieleza kuwa kemia husemwa katika ngazi 3 kwa wakati mmoja. Kuna kinachoonekana kwa macho, kuna chembe ndogo zisizoonekana, na kuna alama tunazoandika ubaoni. Mwalimu huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine bila taabu. Mwanafunzi hubaki na alama tu, asijue zinazungumzia nini.

Turudi Kalerwe. Vijidudu vinavyoozesha taka ndani ya maji hutumia oksijeni iliyoyeyuka humo. Oksijeni ikiisha, vijidudu vya aina nyingine hushika kazi na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza. Harufu ile tunayoilaani kila siku ni taarifa kwamba maji yameishiwa hewa.

Sasa mwalimu achukue chupa 2, aweke maganda ya matoke, maji na samadi kidogo kutoka machinjioni. Moja aiache wazi, nyingine aifunge mdomo kwa puto, kisha aziweke mbali na moto. Baada ya siku kadhaa puto litaanza kujaa. Gesi ya mwanzo huwa zaidi ni hewa ukaa. Methani huchelewa na huweza kuchukua wiki kadhaa.

Hiyo ni ngazi ya kwanza. Ya pili inahitaji vizibo vya soda vilivyopakwa rangi 3. Molekuli moja ya sukari ya glukosi ina kaboni 6, haidrojeni 12 na oksijeni 6, yaani vizibo 24. Wanafunzi wavipange upya mezani: hewa ukaa 3 hutumia vizibo 9, methani 3 hutumia vizibo 15. Jumla ni 24. Hakuna kilichopotea, hakuna kilichoongezeka.

Ndipo aandike ubaoni: C6H12O6 → 3CO2 + 3CH4. Mtoto aliyevishika vizibo hivyo kwa mkono wake hataona mlinganyo huu kama uganga.

Wapo watakaosema kuwa haya ni michezo na mtihani unataka nadharia. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kuwapeleka watoto kuokota taka kando ya mfereji, kisha kuwarudisha darasani bila kuchora chembe wala kuandika mlinganyo, ni usafi wa mazingira. Kemia bado haijafundishwa hapo.

Lakini kuanzia ubaoni na kuishia ubaoni nako kumeshindwa. Na gharama yake haiishii kwenye alama za mtihani.

Ukiifuata barabara ya Gayaza kutoka Kalerwe unaelekea Kiteezi, ambako taka za Kampala zilirundikwa tangu mwaka 1996. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule wa taka uliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Maji huongeza uzito wa taka na kulegeza mshikamano wake. Ndani yake, palipokosa hewa, methani huzalishwa, gesi inayowaka na ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hunasa joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa.

Somo hilohilo liko jikoni. Mkaa ukipata hewa ya kutosha hutoa hasa hewa ukaa. Hewa ikipungua, hutoa kwa wingi kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo inayowaua wanaolala na sigiri katika chumba kilichofungwa. Kukariri CO na CO2 bila kujua tofauti hiyo ni elimu gani?

Mtaala mpya umefungua mlango. Asilimia 20 ya alama za mwisho hutokana na kazi na miradi ya shuleni, na watahiniwa wa kwanza wa utaratibu huo walifanya mtihani mwaka 2024. Kilichobaki ni walimu kupewa muda na mafunzo, na madarasa yaliyofurika kupunguzwa.

Mzazi naye ana sehemu yake. Ukienda shuleni muhula ujao, usiulize karo na nafasi ya mtoto darasani tu. Uliza mradi wake wa kemia ni upi. Ukiambiwa ni wa kunakili kutoka kitabuni, mwambie mwalimu kwa heshima kwamba Nsooba haiko mbali.