MAREHEMU MARTIN KAYAMBA: WEMA HAUOZI

Wanachama wenzetu,

Ni desturi yetu hapa Mpwapwa, mtumishi mwenzetu afarikipo, kuchanga fedha za mazishi, kumsindikiza hata kaburini, na kukaa matanga pamoja na wafiwa. Desturi hii ni njema, wala hatusemi iachwe. Lakini matanga yakiisha kuanuliwa, mara nyingi jina la marehemu nalo huanuliwa pamoja na mikeka. Meza yake hupewa mwingine, na baada ya mwaka mmoja kijana aingiaye ofisini hajui ni nani aliyeifyeka njia apitayo.

Kwa sababu hiyo twapenda leo kumkumbuka mtu ambaye wengi wetu hawalijui hata jina lake, ijapokuwa ni katika watu wa kwanza waliowakusanya makarani wa nchi hii wawe kitu kimoja. Naye ni marehemu Hugh Martin Thackeray Kayamba. Hakuwa mwenyeji wa Ugogo. Alikuwa Mbondei, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasomeshwa Kiungani katika chuo cha misheni ya UMCA. Lakini mtumishi wa watu wote ni wa watu wote, nasi tuna haki ya kumwita wetu.

Vita ya 1914 ilimkuta katika nchi ya Wadachi. Wakati ule wamisionari Waingereza walifungiwa Kiboriani, katika milima hii tuionayo kila asubuhi tuendapo kazini, na Waafrika waliosomeshwa nao walishukiwa kuwa ni wapelelezi. Kayamba naye alitiwa kifungoni, akapelekwa Tabora, wala hakupata kufunguliwa mpaka Wabelgiji walipouteka mji ule mwezi wa Septemba 1916. Mtu mwingine angalitoka huko na kinyongo, asitake tena kazi ya serikali yo yote. Yeye alishika kalamu, akapanda daraja hata akawa karani mkuu katika ofisi ya Wilaya ya Tanga.

Hapo ndipo alipotenda jambo ambalo kwalo twamkumbuka. Mwaka 1922 aliwakusanya wenziwe mjini Tanga, wakaunda Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Aliona kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Katika chama kile Mwislamu na Mkristo walikaa pamoja, wala mtu hakuulizwa kabila lake. Walisoma magazeti na vitabu, walicheza mpira, nao walijadili haki za kazi yao kwa adabu na kwa maandishi. Mwaka 1929 chama kingine, African Association, kiliundwa Dar es Salaam na watu wa namna hiyo hiyo, walimu na makarani. Katika mti huo ndipo lilipochipuka TANU mwaka 1954, na uhuru ukapatikana mwaka 1961. Kayamba hakuuona.

Mwaka 1931 yeye, pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba, walipelekwa London kutoa ushahidi mbele ya wajumbe wa Bunge juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Hawakulikubali shauri lile, na wajumbe nao waliona wakati wake haujafika. Aliporudi aliandika kitabu, *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*, kilichopigwa chapa mwaka 1932, ili wasiokwenda nao wapate kuona.

Wako wasemao kwamba Kayamba alikuwa mtu wa serikali mno, tena alivaa nishani ya M.B.E. Hatutaki kumfanya malaika. Ni kweli kwamba alitumaini elimu na barua kuliko mabishano, na vijana waliomfuata walitaka mwendo wa haraka zaidi. Lakini na tujiulize: je, sisi tulio katika serikali yetu wenyewe, tunathubutu kuandika lililo kweli mbele ya mkubwa, kwa heshima na bila woga, kama alivyofanya karani aliyekuwa chini ya wageni? Unyenyekevu ni kitu kimoja, na kunyamaza ni kitu kingine.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, kila tawi liwe na daftari moja la marehemu wetu. Lisiandikwe cheo na mshahara tu, bali na kazi aliyoifanya mtu: alimfundisha nani, alitengeneza nini, alikataa nini. Pili, mzee atokaye Kibakwe au Rudi, akaketi benchini tangu alfajiri, asiambiwe "njoo kesho" na mtu anayekunywa chai. Mzee yule hatauliza daraja letu la mshahara. Akirudi kwao atasema tu, "Nilisikilizwa," au, "Sikusikilizwa." Maneno hayo mawili ndiyo yatakayosemwa juu ya makaburi yetu, tupende tusipende.

Wahenga walisema, wema hauozi. Lakini usipokumbukwa hufunikwa na vumbi kama jalada la zamani. Na tulipanguse vumbi hilo.

Mungu amlaze pema marehemu Kayamba, pamoja na watumishi wetu wote waliotutangulia.

Mhariri