Tiketi ya Mbinguni kwa Bei ya Shamba

Mtu akiamini kwamba kesho ataamkia peponi, ng'ombe wa nini?

Ndivyo ilivyokuwa Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliambiwa kwamba dunia ingefika mwisho mwaka 1999 ukiisha. Wakauza mashamba na mifugo, pesa wakawakabidhi viongozi. Mwaka 2000 ukaingia, jua likachomoza kama kawaida, na inasemekana baadhi yao wakaanza kudai mali yao. Siku ikasogezwa mbele. Machi 17, mamia waliteketea ndani ya kanisa ambalo madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa misumari.

Huku kwetu tulisikitika, tukasema hayo ni ya Uganda. Kisha, Aprili 2023, polisi wakaanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Zaidi ya maiti 400 zilitolewa, za watoto zikiwemo. Manusura walieleza kwamba waliagizwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. (Mhubiri Paul Mackenzie, aliyeshtakiwa, alikana mashtaka.)

Lakini njaa haikutangulia. Kwanza watoto waliachishwa shule, hospitali ikapigwa marufuku, na jamaa waliouliza maswali wakaepukwa.

Kwa hivyo dada yako akikwambia anauza viti vya sebuleni kwa kuwa karibu hatavihitaji, usishindane naye kwa aya za Biblia. Mtembelee jioni hiyo hiyo, umuulize pesa anampelekea nani.