Mahakama ya Rufaa ina deni Garissa

Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ilipata vituo vya kudumu Nyeri, Kisumu na Malindi. Kwa wengi waliozoea kufuata majaji hadi Nairobi, hiyo ilikuwa nafuu kubwa, na Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, alistahili pongezi. Lakini ng'ambo ya mto Tana hakuna kilichobadilika. Garissa haikuwa katika orodha, na Wajir na Mandera ndiyo kabisa. Kila swali la kwa nini Garissa iliachwa linapoibuka, jibu ni lile lile: kesi ni chache mno. Nadhani jibu hilo linapotosha. Uchache wa rufaa kutoka Kaskazini Mashariki si dalili kwamba watu hawana haja nazo. Ni matokeo ya jinsi sheria ilivyotumika huko kwa takriban karne nzima, na taasisi iliyochangia tatizo haiwezi kuugeuza uchache huo kuwa kisingizio.

Tuitazame historia. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, mama wa hii tuliyo nayo, ilianzishwa mwaka 1902. Aliyeshindwa huko, kama alikuwa na fedha, angeweza kusonga mbele hadi Baraza la Mfalme kule London. Mwaka huo huo wa 1902 wakoloni walitunga sheria ya wilaya za pembezoni, ambayo baadaye ilitumiwa kuufunga mkoa uliojulikana kama NFD (Northern Frontier District), mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 ikaongezwa sheria nyingine ya wilaya maalumu, iliyowapa maafisa wa utawala uwezo mkubwa juu ya kabila zima kwa kosa la wachache. Yaani mkulima wa Kiambu na mfanyabiashara wa Mombasa walikuwa wakijengewa ngazi ya kukata rufaa, huku mfugaji wa Wajir akiwekwa mikononi mwa mkuu wa wilaya (DC), ambaye neno lake lilikuwa la kwanza na la mwisho.

Uhuru haukuirekebisha hali hiyo, bali uliizidisha. Hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki mnamo Desemba 1963, siku chache tu baada ya bendera kupandishwa, na haikuondolewa hadi 1991. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda huko wakati wa vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya. Kwa hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki iliposambaratika mwaka 1977 na Kenya ikaunda Mahakama yake ya Rufaa, mahakama hiyo mpya ilizaliwa katika nchi ambayo sehemu yake moja haikuwa na lolote la kuleta mbele yake. Mauaji ya raia mikononi mwa wanajeshi huko Wagalla, Wajir, Februari 1984, yalitokea mahakama hiyo ikiwa na umri wa miaka sita. Kizazi kilichokulia katika mazingira hayo hakingeweza kujifunza mazoea ya kukata rufaa. Kilijifunza kumaliza mambo nyumbani.

Hapo ndipo wengine huniambia kwamba kumaliza mambo nyumbani ni jambo jema: wazee wana maslaha, yaani usuluhishi wao, familia zina diya, yaani fidia ya damu, na kadhi yupo. Ni kweli, na Katiba ya 2010 yenyewe inazitambua mbinu mbadala za kutatua migogoro. Lakini mbinu hizo ndizo zinazohitaji Mahakama ya Rufaa kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe kwa sababu familia mbili zilikuwa zimekubaliana kwa mila na dini. Jaji mwingine alipoletewa ombi la namna hiyo baadaye, alilikataa. Je, diya inaweza kufuta shtaka la mauaji au haiwezi? Na msichana aliyenajisiwa, maslaha ya wazee yanamfunga kunyamaza? Haya si maswali ya kuachiwa kila jaji ajibu kivyake. Ni maswali ya jopo la majaji watatu, nayo yataulizwa zaidi Garissa kuliko Nyeri.

Hoja ya pili ni ya teknolojia: tangu 2020 kesi zinasikizwa kwa video na stakabadhi zinawasilishwa mtandaoni, kwa nini basi majaji wasafiri? Nakubali sehemu ya hoja hii. Wakili aliye ofisini Garissa mjini anaweza kutetea hoja zake za kisheria kupitia skrini bila hasara kubwa. Lakini rufaa haianzii mbele ya jopo. Inaanza na ilani inayopaswa kuwasilishwa katika siku 14 baada ya uamuzi, kisha rekodi nzima ya rufaa katika siku 60. Mtu asiye na wakili, anayezungumza Kisomali na anayeishi Elwak au Takaba, hazuiwi na ukosefu wa skrini. Anazuiwa na kutokuwepo kwa masjala ambako karani atamweleza kwa lugha anayoielewa kwamba siku zake zinakwisha. Na mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalipoikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi, siku hizo hazikusimama.

Kuhusu usalama sitasema mengi. Hakuna anayesahau shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, na roho 148 zilizopotea. Hata hivyo Mahakama Kuu inafanya kazi Garissa, na walimu na wauguzi wanapelekwa hadi mpakani. Kama mji unawafaa hao, unawafaa majaji watatu kwa kikao cha wiki mbili.

Ibara ya 6(3) ya Katiba inazitaka taasisi za kitaifa zihakikishe huduma zao zinafikika kwa kiasi kinachofaa katika kila sehemu ya Jamhuri, kwa kuzingatia aina ya huduma yenyewe. Mawakili wa serikali wataking'ang'ania kipande hicho cha mwisho: rufaa, watasema, si zahanati. Sawa, lakini majirani wetu wameonyesha kwamba huduma hii husafiri. Mahakama ya Rufaa ya Tanzania hufanya vikao Mtwara, Tabora, Bukoba na Zanzibar. Hata ile mahakama ya wakoloni iliketi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa zamu, ikasikiza pia rufaa zilizotoka Aden.

Mahakama haihitaji kuanza na jengo la marumaru. Ziara ya ghafla inayotangazwa wiki moja kabla haitoshi pia, kwa kuwa mfugaji aliye na mifugo malishoni hawezi kupanga safari kwa taarifa hiyo. Ianze na masjala yenye makarani wanaojua Kisomali, pamoja na vikao viwili kwa mwaka ambavyo tarehe zake zimechapishwa Januari na kubandikwa katika mahakama za Wajir, Mandera na Dadaab. Miaka mitatu baadaye, yeyote anayetaka kuzihesabu kesi na azihesabu.