Wanawake wa Hadithi Zetu Hawajawahi Kuzaa

Nina ugomvi na waandishi wenzangu, na wa kwanza katika hao ni mimi mwenyewe. Msishangae nikiwaambia kwamba ugomvi huu umeanzia kwenye cherehani.

Mimi ni kijana wa Mbamba Bay. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ya kutosha kuzungumziwa kwa sauti ndogo, nikapanda mlimani Mbinga kukaa kwa shangazi, fundi wa nguo za kike. Mchana nakata bitana na kupiga pasi. Usiku naandika riwaya ambayo, Mungu akipenda, mtaisoma. Sasa kazi ya fundi ina siri zake, ndugu msomaji. Mteja anaingia anaongea kwa sauti, anataka gauni la harusi ya mdogo wake, anataka mikono ya hivi na shingo ya vile. Futikamba ikifika kiunoni sauti inashuka. Anamvuta shangazi pembeni, anajishika chini ya kitovu: "Fundi, hapa nifichie." Mimi natumwa uzi dukani, hata kama uzi umejaa kopo.

Wanaonong'ona si bibi zetu. Ni wasichana wa miaka 23, miaka 25, rika langu, wengine tulikaa dawati moja. Kazaa mmoja, kazaa wawili. Ngozi ya tumbo imelegea, ina michirizi, akikaa inakunjamana juu ya mkanda wa sketi. Basi.

Shangazi ana dawa zake. Marinda anayaanzisha chini ya kifua badala ya kiunoni. Kitenge chenye maua makubwa anakipandisha mabegani ili jicho lisishuke. Mbele anatia bitana mara mbili. Lastiki anaiweka mgongoni tu, maana lastiki ya mbele huichora ngozi badala ya kuificha. Asiyeweza kushonesha huenda kwenye mitumba akatafute shati kubwa la kiume, au ananunua dera, vazi lisilouliza maswali. Na Mbinga yenyewe ina huruma: mwezi wa Juni na wa Julai, kahawa inapochumwa, baridi ya huku juu humvisha kila mtu sweta, na chini ya sweta matumbo yote ni sawa.

Shuka sasa ziwani. Ni kilomita 66 tu za lami, unateremka milima ya Umatengo masikio yakiziba, mara unafika Mbamba Bay na joto linakupokea mlangoni. Huko sweta utampelekea nani? Mwanamke wa Mbamba Bay, wa Liuli, wa Lituhi, anafua ziwani, anaosha vyombo ziwani, anaoga ziwani, na dagaa anaanika palepale mchangani. Nguo yake ni kanga, na kanga ikilowa haifichi kitu.

Dada yangu alijifungua mapacha huko. Alipomaliza arobaini akanunua mkanda wa kubana tumbo, ule wenye safu ya vishikizo vya chuma, akawa anaufunga asubuhi na kuufungua usiku. Ndani ya joto lile! Anainama kugeuza dagaa, pumzi haitoshi, kiuno kimejaa vipele. Kuoga na wenzake akaacha. Huyu ndiye aliyenifundisha kuogelea, na mpaka nakua sikuwahi kumshinda mbio za kufika kwenye mtumbwi. Siku hizi anasubiri giza liingie ndipo ateremke peke yake. Mama anamsihi kila siku, maana Ziwa Nyasa lina mamba, na giza si saa ya mtu kuwa majini. Dada anajibu, heri mamba kuliko macho ya watu.

Nilipokwenda likizo nikamsomea hadithi yangu. Nilikuwa najivunia mno. Shujaa wangu wa kike ni mama wa watoto watatu, mjane, anapigania shamba la kahawa la marehemu mumewe. Nikafika ukurasa wa 41, anapoingia ofisini kwa wakili, nikasoma kwa madaha jinsi alivyokuwa na kiuno cha nyigu na tumbo bapa kama ubao. Dada akacheka. "Mdogo wangu, hao watoto watatu aliwazaa nani?" Nikacheka na mimi. Kisha akanyamaza, akamhamisha pacha mmoja ziwa la pili, akasema bila kunitazama, "Kumbe na wewe."

Jamani, nimetukanwa na wengi, lakini hilo halijanitoka.

Nikarudi Mbinga nikatoa magazeti yetu haya ninayoyatunza chini ya godoro, pamoja na miswada tunayopeana kusoma. Nikatafuta mwanamke mmoja mwenye tumbo lililozaa. Nikakuta viuno vya nyigu. Nikakuta miguu ya bia, shingo ndefu, mwanya, meno meupe, macho malegevu. Macho yakilegea tunaandika kurasa mbili, tumbo likilegea kalamu inakauka. Wanawake wetu wanapata mimba kwa wingi, maana bila mimba nusu ya hadithi zetu zingekosa kisa. Lakini wakishajifungua mtoto anatokea kama barua iliyoletwa na tarishi, na mama anaondoka vilevile alivyokuja.

Tumerithi, hilo nakubali. Mimi nimelelewa na Willy Gamba. Nilizisoma riwaya za Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, zikiwa hazina majalada, na warembo wa mle ndani niliwaamini wote. Simlaumu marehemu Musiba. Aliandika habari za majasusi, na jasusi hana siku ya kliniki. Sisi je? Tunajidai tunaandika maisha ya kweli, ya mtaani, ya huku Mbinga na Songea, halafu kila mama mwenye nyumba tunamkopesha tumbo la msichana wa jalada la gazeti. Siti binti Saad alichekwa sura yake na wapinzani wake, na sauti yake hiyohiyo mwaka 1928 ilivuka bahari ikarekodiwa Bombay. Shaaban Robert akaona maisha ya mwanamke huyo yanastahili kitabu kizima. Hakumsubiri kwanza awe mrembo.

Halafu tazameni upande wetu wanaume. Mwanamume akiota kitambi tunasema mambo yamemnyookea. Anafungua kifungo cha shati, anakipigapiga kwa kiganja mbele ya watu, anaitwa bosi, na hicho hakikubeba mtu. Huyo huyo, shemeji yangu mmoja simtaji, ndiye aliyemwambia mkewe mbele ya wageni kwamba tumbo lake limekuwa mfuko wa Rambo uliokwishashusha mzigo. Watu wakacheka. Mifuko ile ilipigwa marufuku mwaka 2019, mzaha wake unaendelea kuuzwa.

Na shemeji huyo alilipa mkaja! Hapa ndipo ninapokasirika. Fungueni kamusi. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni akishajifungua, na ni hilohilo jina la fedha anayotoa mposaji kumpa mama wa binti. Ni neno lililotoka pwani likapanda na washenga mpaka huku kwetu. Kwenye posa ya dada lilitajwa, na noti zikahesabiwa juu ya meza, wazee wakishuhudia. Yaani tumbo la mama yangu liliheshimiwa hadharani, kwa fedha taslimu, kwa sababu lilimbeba binti. Binti naye akibeba, lake linageuka kichekesho.

Mtaniambia: basi, si unaona hata wazee walifunga matumbo? Walifunga, ndiyo. Lakini mzazi alifungwa na mama yake au bibi yake, akakandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji, akatolewa kwenye jembe na kuni. Kitambaa kilikuwa sehemu ya kumpumzisha, na nyumba nzima ilijua. Mkanda wa leo unafungwa mlango umekomewa, na ukishafungwa unabeba ndoo.

Wauzaji wake wanaahidi tumbo la usichana kwa wiki mbili. Uongo mtupu. Mfuko wa uzazi wenyewe huchukua kama wiki sita kurudi ukubwa wake, na kunyonyesha huusaidia kujikaza. Misuli miwili inayoshuka katikati ya tumbo huachana wakati wa mimba, na kukaribiana tena ni kazi ya miezi. Ngozi ni habari nyingine kabisa. Ina nyuzi zinazovutika, na zikivutwa kupita kiasi, hasa na mapacha, nyingine hazirudi tena. Mkanda unaweza kumshikilia mzazi mgongo, unaweza kumpunguzia maumivu aliyepasuliwa. Ngozi hauirudishi, hata ukifungwa mpaka mtu azimie.

Shangazi kausoma mwanzo wa makala haya akaniuliza kama nataka afe njaa. Hapana, shangazi. Msinielewe vibaya, sijasema akina dada wavue, wala sina haki ya kumchagulia mtu nguo. Anayependa marinda ashone marinda, anayependa dera avae dera, na mimi bitana nitaikata vizuri. Kinachonichoma ni ule mnong'ono. Mteja anaeleza mshono wa shingo kwa sauti ya mtu anayelipa, halafu akifika tumboni anaomba kama mwizi. Nani alimfundisha kwamba pale pana aibu? Shemeji, sawa. Wauza mikanda, sawa. Na sisi, tena sisi kwa lugha tamu, mwezi hadi mwezi.

Wapo watakaosema msomaji anataka uzuri, hakulipia kusoma habari za michirizi. Rafiki yangu mmoja mwandishi aliniambia hivyohivyo, na aliniambia akiwa ananionyesha kwa fahari kovu la mguuni alilolipata kwa kuanguka na baiskeli. Kovu la baiskeli limekwishaingia kwenye hadithi zake mbili. Tunajisifu kuwa ndugu wa tumbo moja, tunaliapia hilo tumbo moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliandika lilivyo.

Ukurasa wa 41 nimeuchana. Naandika upya mjane akipanda ngazi za wakili. Amevaa gauni la marinda alilosogezewa kiuno na fundi, na akikaa, tumbo linamkalia mapajani kama kawaida ya tumbo la watoto watatu, na anafungua faili lake anaanza kudai shamba. Nimeiandika sentensi hiyo mara tisa. Ni ngumu, nakiri, maana hakuna mahali pa kuiga. Dada kasema nikimaliza nimpelekee, lakini ziwani hajarudi kuoga mchana.

Mwenye kunipinga aandike, mhariri atampa nafasi. Ila aje na hadithi yake ya mwisho mkononi, atuonyeshe mle ndani mwanamke mmoja tu aliyezaa, na tumbo lake likaonekana.