ELIMU NYUMBANI: Sahani ya Paani na Hesabu ya Mtoto

Katika nyumba za askari huko Mbuya, mashariki ya Kampala, baba awapo safarini kikazi, mama ndiye abakiye na maswali ya watoto. Mtoto akilia, "Mama, parabola imenishinda," mama asikubali hesabu iachwe. Parabola ipo paani: ni sahani ya duara ya kunasia matangazo, ile ambayo kipokezi chake husimama mbele ya kitovu.

Sahani iliyokwisha shushwa ilazwe chali, na kamba ipitishwe ukingo hadi ukingo. Mathalani kipenyo ni sentimita 120, na kina cha katikati ni 15. Chini kabisa ndipo kipeo. Hapo paitwe sifuri. Mlinganyo ni y = ax². Ukingoni x = 60 na y = 15; basi 15 = 3,600a, na a ni 1/240. Jibu: y = x²/240.

Mtoto asiamini kwa kuambiwa; apime. Sentimita 30 kutoka katikati, y ni 900/240, yaani 3.75. Hivyo kutoka kamba hadi sahani pawe 11.25.

Fokasi iko juu ya kipeo kwa 1/(4a), yaani sentimita 60. Hapo mawimbi hukutana, na hapo ndipo pa kipokezi. Joto la jua nalo hukusanyika hapo hapo. Sahani ing'aayo isielekezwe juani, isije ikaunguza mikono au kudhuru macho.

Kipeo kikiwa (h, k), huandikwa y = a(x − h)² + k; nukta moja nyingine yatosha kuipata a.

Mama aliyeshika futi amekwisha kuwa mwalimu.